Yuleyule, Palepale

Mjini Gisenyi, kando ya ziwa, miaka ile ya hamsini, mtu aliyeweza kupiga mashine ya kuandikia bila kutazama vidole vyake aliheshimiwa karibu sawa na dereva wa lori. Wengi wao walikuwa makarani wa serikali, wenye soksi ndefu na maringo marefu kuliko soksi. Dauda hakuwa na soksi wala maringo. Alikuwa mtu mwembamba, mpole, asiyeweza kupita penye mkeka uliopinda bila kuinama kuunyoosha, na tabia hiyohiyo aliipeleka kwenye karatasi.

Baba yake, Muhamadi, alishuka mjini kutoka mlimani, akasilimu, akachuuza vitambaa, kisha akafariki Dauda akiwa bado anatambaa. Kwa hiyo Dauda alilelewa na mama yake, Nyiraneza, katika nyumba ndogo ubavuni mwa mlima wa Nengo. Kazi ya mashine aliifundishwa na Mwarabu mmoja mwenye duka ng'ambo ya Grande Barrière, kituo cha mpakani, kule Goma. Alipopata riziki ya kueleweka alimwoa Saidati, binti wa fundi cherehani, mtoto wa mjini hasa, mwenye ulimi mwepesi na kicheko cha kusikika mtaa wa pili.

Wanawake hao wawili walipatana, ila kulikuwa na jambo moja ambalo Saidati hakuacha kumtania mkwewe. Katikati ya ua palitokeza mwamba mweusi, na hapo ndipo walipoanika nguo. Kwa Kinyarwanda watu wote huita mwamba urutare. Nyiraneza aliuita "kile kigumu."

"Mama, hii ni urutare," Saidati alimwambia mara nyingi. "Sema tu, haitakuuma."

"We sema," mama mkwe alijibu. "Mi niko na kinywa yangu."

Dauda alikua akisikia msemo huo, akauona ni wa mama tu, wala hakuwahi kuuliza.

Kiangazi cha mwaka 1956 alipata kazi kwa Bwana Deprez, Mbelgiji aliyekuwa akichunguza mazuku. Watu wa ziwa hili hawahitaji kuelezwa mazuku, lakini wewe uliye mbali ujue: ni hewa mbaya itokayo ardhini, haina rangi, hulala mashimoni na mabondeni kama maji yalalavyo, na mbuzi akiinamisha kichwa humo ndio basi tena. Bwana Deprez alikuwa ameandika makala ndefu juu ya hewa hiyo na kuipeleka kwa jarida moja la wataalamu huko Ulaya. Wakairudisha. Habari za mazuku waliziona nzuri. Waliyoyakataa yalikuwa marejeo.

"Bon, Dauda," alisema Bwana Deprez, akiikunjua makala yake kwa sura ya mtu aliyenyang'anywa sahani. "Wao wanataka majina. Kila neno ya mutu mwingine, tuandike ni nani, mwaka gani, fasi gani. Bila jina hawapige chapa."

Basi Dauda akapewa mashine aende nayo nyumbani, kwa maana Bwana Deprez alipenda sana kazi ya mashine lakini hakupenda kelele zake. Akapewa na masharti. Jina la ukoo kwa herufi kubwa, kisha mkato, kisha herufi ya jina la kwanza, kisha mwaka. Kichwa cha kitabu kipigiwe mstari chini, jina la jarida lifupishwe, kurasa zije mwisho. Orodha yote ifuate alfabeti. Mtu aliyesimulia kwa mdomo naye atajwe vivyo hivyo, na kazi yake na mahali pake. Ndani ya makala kila dai lipate namba, na chini ya ukurasa kila namba ipate tanbihi yake. Na kama tanbihi inayofuata ni ya mtu yuleyule, usilirudie jina: andika ibid.

"Ni Kilatini," Bwana Deprez alimweleza. "Maana yake, yuleyule, palepale."

Dauda alilipenda neno hilo siku ile. Lilikuwa fupi na lilimwokolea wino.

Alikuwa na desturi ya kusoma kwa sauti kabla ya kupiga, maana sikio hukamata kosa ambalo jicho limelipita. Alasiri moja aliketi mezani, karatasi ya kaboni ikiwa mahali pake, akaanza kusoma majina ya Wazungu, mmoja baada ya mwingine, wafu na walio hai. Nyiraneza alikuwa mlangoni na ungo wake, anachagua maharage, na Wazungu hao hawakumshughulisha hata kidogo.

"Gakomeye," Dauda akasoma. "Mkulima, Nengo. Kwa mdomo, Gisenyi, 1955."

Ungo ukaanguka. Maharage yakatawanyika hadi chini ya meza.

"Unamujua, mama?"

Nyiraneza aliuinua ungo. Alipiga magoti akaanza kuyaokota. "Piga mashini yako," alisema mwishowe.

Akapiga. GAKOMEYE, kwa herufi kubwa. Tanbihi iliyofuata ilikuwa ya mtu huyohuyo, akapiga ibid. Ya tatu vilevile, ibid. Huyu Gakomeye ndiye aliyekuwa ameeleza namna ya kulipima shimo: unashusha mwenge wa mafunjo yanayowaka, na pale moto unapozimika, hapo ndipo usimwache mtoto wala mbuzi kupita. Dauda alipofika hapo ndipo alipohisi baridi miguuni. Si upepo. Jua lilikuwa kali, majani ya mgomba nje hayakutikisika. Ilikuwa baridi nzito, imekaa chini, imeishia magotini. Kisha nyuma yake mtu akakohoa.

Aligeuka akidhani ni jirani. Hapakuwa na mtu.

Tangu siku hiyo nyumba haikuwa ile tena. Nyiraneza alihamisha mkeka wake, akakaa akiuelekea ua kutwa nzima, chakula kinapoa mbele yake.

"Iko mutu pale," alimwambia mwanawe.

"Wapi?"

"Pa kile kigumu. Anasimama tu. Anaangalia huku na huku, sawa mutu mwenye wameita, na hajue nani amemuita."

Dauda alitazama. Aliona mwamba na shati lake lililoanikwa. Lakini nywele zilimsimama, na hatamwongopea mtu kwamba hazikusimama. Saidati, ambaye angecheka hata matangani, safari hii hakucheka. Alitoka taratibu, akaliondoa shati, akalitundika kwenye ua wa matete, na tangu hapo akawa anapita mbali na mwamba. Dauda alisoma aya zote alizozijua. Alipomaliza aliigusa miguu yake chini ya meza, na bado ilikuwa baridi. Kazi haikuweza kungoja, ikambidi aendelee kupiga, na kila alipofika penye ibid. ile hewa ilipanda kidogo. Neno lililokuwa limemfurahisha sasa lilimkata maini. Yuleyule, palepale. Ni nani huyo anayerudi kila anapoitwa?

Nyiraneza akaanza kudhoofika. Hakuwa na homa wala maumivu. Alikuwa hali chakula tu. Asubuhi moja alimwita Dauda, akamwambia afunge mlango wa uani.

"Ile jina haiko yake," alisema.

"Jina gani, mama?"

"Yenye uko nasoma. Ni mi nilimupatia muzungu. Tulikuwa pa mwambao, tunafua, bamama wote. Akauliza, nani alikufundisha mambo ya mazuku? Ningesema nini? Ni babamukwe yangu. Ni baba ya baba yako."

Dauda aliketi chini palepale, juu ya sakafu. Siku zote alikuwa Dauda bin Muhamadi, na nyuma ya Muhamadi hapakuwa na kitu, ukuta mtupu. Mtu mzima, mwenye mke, anayejua jina la ukoo la kila Mzungu aliyewahi kupima moshi wa volkano, na jina la babu yake halijui. Aliona aibu, na chini ya aibu aliona njaa ambayo hakujua kama alikuwa nayo.

Wala mama yake hakuwa ameficha kitu. Kwa Wanyarwanda mwanamke aliyeolewa hatamki jina la baba mkwe wake, wala neno lenye sauti ya jina hilo. Hulizunguka, hulifunika kwa neno jingine, na jambo hilo huitwa gutsinda. Ni heshima, na si heshima ya mchezo: anayelitamka huhesabiwa amemvua mzee wake nguo hadharani. Gakomeye, maana yake kale kagumu, lilikuwa kifuniko tu. Kwa majirani kifuniko kinatosha, kwa sababu wanamjua aliye chini yake. Bwana Deprez alichukua kifuniko akadhani ni chungu, na Dauda akakipigia mashine.

"Alikufa namna gani?" Dauda aliuliza.

Nyiraneza aligeukia uani. Kisha akamweleza, akiutazama mlango uliofungwa. Alikuwa bibi arusi mpya, hajazoea njia za ufukweni. Asubuhi moja tulivu, baada ya mvua, aliteremka shimoni kuokota kuni. Aliona panzi wamelala chali, akashangaa, akainama kuwatazama, na magoti yakamlegea. Baba mkwe wake alimwona kutoka juu. Aliyejua kuliko wote kwamba hapaendeki mahali pale ndiye aliyeteremka.

"Alinibeba," Nyiraneza alisema. "Akanitupa juu ya kigumu ya kule, pa upepo. Yeye akaanguka, akalala. Nilimuona kifua inapanda, inashuka. Batu walikuwa pa shamba, karibu tu. Ilikuwa niite jina yake, basikie ni yeye, bakimbie. Dauda, kinywa ilikataa. Nilikuwa bibi arusi. Nililia tu, weee, weee! Bakafikiri nafukuza mbuzi."

"Wakachelewa."

"Bakachelewa." Alijifuta macho kwa kiganja. "Na sasa uko namuita na ile jina ya kufunika. Unamuita, unamuita tena. Anakuja na haone mutu wake."

Dauda alimshika mikono. "Nipatie jina ya kweli, mama. Nitaitengeneza yote."

"Siwezi."

"Ni Rutare?" Sasa alikuwa ameelewa kwa nini mama hakutamka urutare. "Ni Gatare? Bitare? Tikisa kichwa tu."

Nyiraneza aliziba masikio kwa mikono miwili. Kuitikia kwa kichwa nako ni kutaja, na majina yenye mwamba ndani yake ni mengi. Hapakuwa na mwingine wa kuulizwa. Watu wa mlima ule walitawanywa na njaa ya Ruzagayura, ile ya miaka ya arobaini, wengine wakavukia Kongo, wengine wakafia njiani. Jina la mtu yule lilibaki kinywani mwa mwanamke mmoja aliyekatazwa kulitamka, na mwanamke huyo alikuwa amekataa kula.

Dauda alikwenda kwa Bwana Deprez akamweleza. Bwana Deprez hakuwa mtu mbaya. Alisikiliza hadi mwisho, kiko kikimzimikia mkononi.

"Mais Dauda, kule Ulaya nani atajua? Acha Gakomeye. Ao tuweke jina ya mama yako."

"Mama amekataa, Bwana. Anasema maneno haiko yake."

"Donc, tufute. Nitaandika kama mimi mwenyewe niliona."

Hilo ndilo lililomtisha Dauda kuliko mzimu. Alielewa wazi: kwa mstari mmoja wa kalamu yule mzee angekuwa hajawahi kuwapo. Maneno yake yangebaki, mwenge wake ungebaki, ila mtu aliyeushika asingebaki popote.

"Nipe muda, Bwana. Nakuomba."

"Kesho saa sita voiture, gari ya posta, inaenda," Bwana Deprez alisema, akitazama pembeni. "Ukileta jina, tunaandika. Ukikosa, ninafuta."

Asubuhi iliyofuata Dauda alimweleza mama yake hayo yote bila kupunguza. Hakumbembeleza. Aliketi mezani, akaweka karatasi mpya, akangoja. Nje Saidati alikuwa akifua, na sauti ya maji kwenye beseni ndiyo pekee iliyosikika.

"Atafuta yote?" Nyiraneza aliuliza.

"Yote."

Mama akajikongoja hadi kwenye kigoda kando ya meza. "Piga mashini," alisema. "Piga na nguvu, masikio yangu isisikie."

Dauda akapiga. Alipiga herufi zozote, mistari isiyo na maana, kwa nguvu zake zote, meza ikawa inaruka. Kwa pembe ya jicho aliiona midomo ya mama yake ikifunguka na kufumbika. Aliacha kupiga.

"Sikusikia, mama."

Alijiona mkatili, na alikuwa mkatili kweli. Lakini hakuwa na njia nyingine. Nyiraneza alimtazama kama asiyemjua. Kisha akageuza macho kuelekea uani, kwenye mwamba, akamwona amwonaye. Akasimama. Akaenda hadi mlangoni, akaushika mwimo, akavuta pumzi, na sauti iliyomtoka haikuwa ya mgonjwa wala ya kikongwe. Ilikuwa sauti ya mwanamke aliye juu ya mlima anayemwita mtu aliye chini bondeni.

"Kayitare! Kayitare weee! Kuja huku! Ni mi, Nyiraneza, niko hapa!"

Mtaa mzima ulinyamaza. Jirani upande wa pili aliacha kutwanga. Saidati alisimama wima na kanzu ya mumewe mikononi, inachuruzika maji, mdomo wazi. Nyiraneza alibaki ameushika mwimo, anasikiliza, na Dauda naye akasikiliza, mwili wote. Hakuna aliyekohoa. Polepole, kuanzia magotini kushuka chini, joto la kawaida likamrudia miguuni.

Akakaa akapiga. Jina lilitoka penye G likahamia penye K, kwa hiyo ukurasa wote wa marejeo ilibidi upigwe upya, na tanbihi nazo. KAYITARE, mkulima, Nengo. Aliandika kwamba alisimulia kwa mdomo, na kwamba aliyepokea na kuhifadhi maneno yake ni Nyiraneza, mke wa mwanawe. Alipofika penye ibid. vidole vilisita, kisha vikapiga, na hakikutokea kitu. Alikimbia na karatasi hadi kwa Bwana Deprez, akamkuta kofia tayari kichwani.

"Ka-yi-ta-re," alisoma Bwana Deprez, akifuata kwa kidole. Jina lilikaa pale kati ya wataalamu wawili wa Ulaya. "Bon. Ni sawa." Akaitia makala kwenye bahasha.

Dauda alirudi nyumbani na moyo mwepesi, na wepesi huo ukaishia mlangoni. Mama yake alikuwa amelala ameelekea ukutani. Uji aliowekewa haujaguswa.

"Mama, imekwenda. Jina yake imekwenda."

"Na yeye ameenda," Nyiraneza alisema. "Simuoni tena."

"Si ndiyo ulitaka?"

"Nilimuficha tangu ubibi arusi. Kila siku, kila neno, nilikuwa namufunika. Sasa nimemuvua nguo mbele ya batu, na kule Ulaya kila mutu atamutaja bure tu. Hana tena mwanamuke wa kumufunika. Anakuwa mutu hivi hivi, Dauda. Anakuwa sawa hana nyumba."

Dauda aliketi kando ya mkeka. Alikuwa amefikiri kazi ni kulipata jina, kumbe mama yake alikuwa amelilipia kwa kitu ambacho hakuna mashine inayoweza kukirudisha. Aliinuka, maana mtu akikosa maneno hutafuta la kufanya, na jua la Ijumaa lilikuwa limeshapinduka, sala inakaribia.

"Saidati," aliita, "kanzu yangu iko wapi?"

Saidati alikuwa akiingia na beseni tupu kiunoni. "Iko inakauka pale," alijibu kwa haraka yake ya siku zote, akionyesha uani kwa kidevu. "Niliiweka juu ya uru..."

Akakatisha. Alimtazama mume wake, kisha mgongo wa mkwewe pale ukutani. Dauda hakuwahi kumwona mke wake akikosa neno. Saidati aliliweka beseni chini bila kulibamiza, akainamisha macho.

"Juu ya kile kigumu," alisema.

Dauda alitazama nje. Juu ya mwamba palikuwa na kanzu yake nyeupe, basi, na mikono yake imetandazwa juani. Nyuma yake alisikia mkeka ukikwaruza. Nyiraneza alikuwa amegeuka kutoka ukutani, anamtazama mke wa mwanawe.

"Rudia," alisema.

Saidati akarudia. Mama mkwe akalivuta bakuli la uji karibu, akalishika kwa mikono miwili, na kabla haujafika mdomoni akaanza kulia.